Dakika Tano Kutoka Stesheni

Ukisoma matangazo ya ploti na nyumba za Nairobi utagundua jambo moja haraka: nyumba haiuzwi kwa sababu ya nyumba. Inauzwa kwa sababu ya kitu kilicho nje ya ukuta wake. Dakika tano kutoka stesheni. Mita mia tatu kutoka lami. Karibu na shule, karibu na supamaketi, karibu na barabara kubwa inayokuja. Najua kwa sababu baadhi ya matangazo hayo ni yangu. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ikiwa imekataa kutimia, na tangu hapo naishi kwa kuandika chochote kinacholipiwa. Maajenti wa ardhi hulipa vizuri kuliko majarida (mhariri anisamehe). Ajenti wa kwanza kunipa kazi alinirudishia rasimu yangu na ujumbe mfupi: acha kueleza vyumba, vyumba viko kila mahali, anza na umbali.

Alikuwa sahihi. Chukua nyumba mbili za vyumba vitatu, ramani ileile, fundi yuleyule, vigae vilevile. Moja iko karibu na stesheni. Nyingine iko kilomita saba huko ndani, mahali ambapo hata boda hukataa kwenda mvua ikinyesha. Ya kwanza itauzwa ghali zaidi na hakuna atakayeshangaa. Lakini ebu tusimame hapo kidogo. Ile tofauti ya bei ni bei ya nini? Si ya mawe wala ya mabati. Ni bei ya treni, na muuzaji hana treni. Hakutandika hata futi moja ya reli. Alichofanya ni kununua kiwanja zamani kikiwa nyasi tupu, akakizungushia seng'enge, akangoja. Sasa anakuuzia kitu ambacho hakukitengeneza, na pesa unampa yeye.

Swali hilo lingebaki la kuzungumzia kwa chai tu kama dada yangu na shemeji hawangepata mkopo wa sacco mwaka huu. Wamepanga Umoja miaka tisa. Dada anafanya kazi ya hesabu katikati ya jiji, na kila asubuhi anatoka watoto wakiwa wamelala ili apite Jogoo Road kabla haijafunga. Jioni akirudi, wa pili ameshalala tena. Alichotaka ni kimoja: nyumba ambayo mtu anaweza kutembea kutoka nayo mpaka kwa treni. Mimi, kwa kuwa sina kazi ya kuripoti saa mbili asubuhi, nilitumwa kutafuta. "Wewe si ndiye huwa unaandika hizo uongo," aliniambia. "Enda uzikague."

Nikazikagua. Ruiru kwanza, kwenye ile reli ya zamani inayopita Dandora, Mwiki, Githurai na Kahawa ikielekea Thika na mwishowe Nanyuki. Uzuri wa Ruiru ni kwamba treni ikikukosea, barabara kuu ya Thika iko pale. Kisha Kikuyu, kwenye reli ya magharibi inayopanda kuelekea Limuru: baridi, udongo mwekundu, sukuma wiki inaota hata ukiiangalia vibaya. Shemeji alipenda Kikuyu. Dada alisema hawezi kufua nguo za watoto mahali ambapo jua linatoka kama mgeni. Na mwisho Syokimau, iliyo Kaunti ya Machakos lakini watu wake wanaamkia Nairobi. Stesheni yake ilifunguliwa na Rais Kibaki Novemba 2012, na mwaka 2017 kituo kikuu cha reli mpya ya Mombasa kikaanza kazi papo hapo karibu.

Nilichokikuta kote kwanza ni kwamba zile dakika tano za tangazo si za siku nzima. Treni za abiria za Nairobi zimepangwa kwa ajili ya mfanyakazi wa ofisi: asubuhi zinaingia mjini, jioni zinatoka. Ukifanya kazi ya usiku, au ukiwa na biashara ya saa tano asubuhi, uko dakika tano kutoka kwa jukwaa tupu. Hilo halimo kwenye tangazo, na mimi sikuwahi kuombwa kuliandika. Pale Syokimau kuna pia udongo mweusi unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka, kwa hiyo msingi unameza pesa kabla ukuta haujaanza, na maji ya visima yana chumvi kiasi kwamba watu hununua ya boza. Kuhusu makaratasi, mtu yeyote wa Syokimau atakukumbusha Novemba 2011, wakati tingatinga ziliporomosha nyumba za watu waliokuwa na stakabadhi mikononi, kwa sababu ardhi ile ilisemekana kuwa ya mamlaka ya viwanja vya ndege. Mwaka mmodi baadaye, mwezi uleule, stesheni ikafunguliwa. Kwa hiyo fanya upekuzi rasmi wa hatimiliki, na cheti cha hisa cha kampuni ya ardhi usikubali kiitwe hatimiliki hata ukiapishiwa. Hayo ni mambo ya wakili. Mimi nilirudi nyumbani na jingine.

Mahali pale panaitwa kwa jina la mwanamke. Wakamba husimulia habari za Syokimau, nabii aliyeona nyoka mrefu atakayetoka bahari moja kuelekea nyingine, na watu wageni wenye ngozi ya ajabu wanaotembea na moto mifukoni. Nyoka akawa reli, moto ukawa kiberiti. Nyanya yangu wa Machakos alikuwa akituambia hadithi hii bila mshangao wowote, kama mtu anayeeleza ratiba. Sasa jina la nabii liko kwenye ubao wa stesheni. Alimwona nyoka vizuri sana, lakini ama hakuona bei za ploti, ama aliziona akanyamaza.

Aliyeziona ni mtu mwingine, mbali na hapa. Henry George alikuwa Mmarekani ambaye, nafurahi kusema, aliacha shule kabla ya kutimiza miaka 14. Alikuwa mwandishi wa magazeti California wakati ambapo kila mtu alikuwa anaingoja reli ya kuvuka bara, vile sisi tunavyoingoja lami kabla ya uchaguzi. Mwaka 1868, reli haijamalizika, aliandika makala akiuliza italeta nini hasa. Jibu lake lilikuwa kwamba italeta utajiri, lakini kwa wale ambao tayari wana ardhi na mali; wengine wataona kodi za nyumba zikipanda. Reli ikamalizika 1869. Yeye mwenyewe amesimulia kwamba siku moja akiwa amepanda farasi karibu na Oakland alimwuliza mtu bei ya ardhi ya pale, basi tu, ya kupiga gumzo. Akaambiwa kuna jamaa anauza ekari moja kwa dola elfu moja. Ilikuwa malisho ya ng'ombe. Hapo akaelewa: watu wakizidi na kazi zikizidi, ardhi inapanda bei, na anayetaka kuitumia analazimika kumlipa mwenyewe kwa ajili ya uwepo wa watu wengine. Kitabu chake, Progress and Poverty, kilitoka 1879. Alitaka serikali itoze kodi thamani ya ardhi na iache jasho la watu. Mwaka 1886 aligombea umeya wa New York akawa wa pili, mbele ya kijana mmoja aitwaye Theodore Roosevelt.

Nampenda George, lakini nikimsoma nikimfikiria dada yangu naona mahali ambapo hesabu yake hainitoshi. George anamkasirikia yule aliyengoja. Dada yangu hajangoja chochote. Anafika mwisho kabisa, bei ikiwa imeshapanda, na anailipa yote kwa mkopo utakaomkata mshahara kwa miaka mingi. Faida ya reli imeshaliwa na muuzaji na pengine na wauzaji watatu kabla yake. Ukimwambia dada kwamba ana deni kwa umma kwa sababu nyumba yake iko karibu na treni, atakuuliza umma ulikuwa wapi alipokuwa anajaza fomu za wadhamini. Na ana haki ya kuuliza. Basi deni liko kwa nani? Au limeyeyuka katikati ya mikataba?

Kabla sijajibu, tuangalie nani alilipa.

Reli ilifika hapa Nairobi mwaka 1899. Hapakuwa na mji. Palikuwa na tambarare yenye maji baridi ambapo wahandisi walitaka pumzi kabla ya kuupanda ukingo wa Bonde la Ufa. Reli ya kutoka Mombasa hadi ziwani ilijengwa na zaidi ya vibarua 30,000 kutoka India, na karibu 2,500 kati yao walikufa kazini. Pesa za kwanza zilitoka kwa mlipakodi wa Uingereza, na ili reli ijilipe, serikali ya kikoloni ikaamua kuleta walowezi wa kulima kando yake. Sheria ya ardhi ya mwaka 1902 ikafungua njia ya kugawa mashamba, kana kwamba Wamaasai na Wakikuyu waliokuwa wakiyatumia walikuwa moshi tu. Halafu likafuata jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha mambo yote haya. Nyanda za juu, ambazo reli ndiyo iliyozipa bei, zilitengwa kwa ajili ya Wazungu. Mhindi hakuruhusiwa kununua shamba huko. Yaani ndugu wa mtu aliyekufa akilaza reli alizuiwa kuwa na ardhi kando ya reli. Mwafrika, yeye hakuulizwa hata kama anataka kununua. Alihesabiwa kama kibarua.

Sisemi kwamba dada yangu ni mlowezi. Tafadhali. Nasema kwamba ubaya mkubwa wa historia hiyo haukuwa kuwepo kwa shamba karibu na stesheni. Lazima mtu awe karibu, huwezi kupanga watu wote mstari mmoja. Ubaya ulikuwa kwamba ukaribu ule ulijengwa na wengi, kisha ukazungushiwa uzio ili wengi haohao wasiukaribie isipokuwa kama vibarua.

Na leo nani analipa? Tangu mwaka 2013 kuna ushuru wa maendeleo ya reli, ulioanza kwa asilimia 1.5 ya thamani ya bidhaa zinazoingia nchini. Ukinunua simu, umechangia. Ukimbadilishia boda wako tairi, umechangia. Mama wa Turkana ambaye hajawahi kuona treni ameichangia. Mkopo uliojenga reli mpya ulitoka China na unalipwa na sisi sote, pamoja na mimi nisiye na hata banda la kuku. Nchi nyingine zimewahi kutafuta namna ya kuirudishia reli faida yake. Kampuni ya reli ya Metropolitan huko London ilikuwa na ardhi yake kando ya njia, ikajenga mitaa na kuuza nyumba. Kuanzia 1915 iliutangaza ukanda huo kwa jina la Metro-land. Japani kampuni za reli zimefanya hivyo kwa zaidi ya karne. Angalau pale anayeleta treni ndiye anayeuza ukaribu. Kwetu, serikali inaleta treni na mwenye seng'enge anauza. Kuna kodi ya faida mtu akiuza, iliyopandishwa hadi asilimia 15 mwaka 2023, lakini asiyeuza haimgusi. Anaweza kukaa na nyasi zake mpaka wajukuu. Na Nairobi yenyewe kwa miongo mingi ilitoza ada za ardhi kwa kutumia orodha ya thamani ya mwaka 1982. Fikiria mji wa leo ukihesabiwa kwa bei ya wakati mkate ulikuwa shilingi chache.

Kwa hiyo mtu anaponiambia "ni pesa yangu na ploti yangu," nakubali kwamba pesa ni yake. Mawe pia. Ukaribu sikubali. Ukaribu ameukuta.

Sasa nieleze nilichokiona. Upande mmoja wa Syokimau kuna esteti ambayo sitaitaja, nzuri, nyumba arobaini hivi, geti moja, soja wawili mchana na watatu usiku, kamera, miti iliyopandwa kwa mstari. Ndiyo iliyompendeza dada kwenye picha. Tangazo lilisema dakika tano na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilikuta tangazo lisilodanganya: nilitembea nikapata dakika tano na nusu. Lakini nilikuwa nimepita huko awali kutoka upande wa nyuma, ambako kuna nyumba za kupanga, za mabati na za mawe zisizopigwa plasta, na huko ndiko wanakoishi wanaofua nguo za esteti, mafundi, na soja wenyewe. Zamani walikuwa na njia ya mkato ya miguu hadi stesheni. Mwuza mahindi choma alinionyesha ilipopita. Sasa imekutana na ukuta wa esteti, na wao wanazunguka kwa barabara ya magari isiyo na sehemu ya kutembelea. Nilizunguka nayo, na saa mkononi. Dakika 26.

Yaani treni ile imesogezwa mbali na watu wa nyuma kwa dakika ishirini, na haikusogea hata inchi.

Nikauliza habari za ukuta. Kisheria hauna kosa. Ile njia haikuwa barabara kwenye ramani ya upimaji. Ilikuwa inapita kwenye kiwanja cha mtu ambacho hakikuwa kimejengwa. Mwenyewe akajenga, basi. Nilifurahi kidogo kusikia hivyo, kwa sababu kama ukuta ungekuwa haramu, swali lingekuwa rahisi: ita kanjo, bomoa. Sasa tumebaki na swali lenyewe. Mtu ana haki kamili, amesajiliwa, amelipa, na bado kuna jambo pale linalokukaa vibaya kooni. Ni jambo gani?

Kwa nyanya yangu, njia ya kwenda mtoni ilipita shambani kwa jirani. Si kando ya shamba. Katikati, kati ya mahindi na mbaazi. Mzee huyo alikuwa mkali. Mbuzi wako akila jani lake moja mngesikizana kwa mzee wa kijiji. Alipigana na kila mtu kuhusu mipaka na mti wa mwembe, na mara moja, kama sikosei, kuhusu kivuli cha huo mwembe. Lakini njia ya mtoni hakuwahi kuifunga, na si kwa sababu alikuwa mpole. Haikumjia akilini. Kuwa na shamba karibu na maji ilikuwa bahati yake na kila mtu aliijua, wengine waliionea wivu. Angefunga njia, bahati ingegeuka kitu kingine. Hakuna aliyesema kwamba shamba si lake. Walichojua wote ni kwamba mto si wake, na ukikaa kati ya watu na mto, unakaa kwa masharti.

Hapo ndipo naona jibu la swali nililoliacha. Deni la dada yangu halikuyeyuka kwenye mikataba kwa sababu halikuwa la pesa. La pesa, kama lipo, ni la wale wauzaji, na serikali ikipata ujasiri itawadai. Lake ni la njia. Anaponunua karibu na stesheni, ananunua mahali kati ya watu wengine na kitu walichokilipia pamoja. Hilo si kosa. Kosa, likija, huja baada ya kuhamia, kwenye mkutano wa kwanza wa wakazi, mtu anapoinua mkono kusema vibanda vya pale nje vinaharibu sura ya mtaa, boda wasiegeshe karibu na geti, magorofa ya kupanga yasiruhusiwe kwa sababu yataleta "watu wa aina hiyo," na kile kijipengo cha ukuta kizibwe. Kila moja la hayo lina sababu nzuri. Ukiyajumlisha unapata nyanda za juu tena, ndogo, zenye kamera.

Nilimweleza dada haya yote siku ya Jumamosi, labda kwa maneno mengi zaidi, na yeye alikuwa anakunja nguo. Aliniacha nimalize. Kisha akaniambia jambo ambalo siwezi kulipita haraka.

"Wewe umelala peke yako tangu uzaliwe," alisema. "Siku utakayolala na watoto wawili, baba yao yuko zamu ya usiku, na usikie mtu anatembea nyuma ya dirisha, utakuja uniambie habari za mto."

Umoja wamevunjiwa mara mbili. Mara ya pili watoto walikuwa ndani. Kwa hiyo yeye haongei kuhusu sura ya mtaa. Anaongea kuhusu hofu aliyo nayo mwilini, na mimi siamini falsafa inayomwambia mama aliyevunjiwa nyumba kwamba hofu yake ni ya kitabaka. Pia ana hoja: njia ya mtoni kwa nyanya ilipitwa na watu waliojuana kwa majina ya babu zao. Njia ya stesheni inapitwa na watu elfu ambao hakuna anayewajua. Ujirani ndio uliokuwa ukuta wa kijiji. Ukiondoa ujirani, watu hujenga wa mawe.

Hoja hiyo nimeikubali nusu. Nakubali kwamba ukuta unazaliwa na kutojuana. Lakini ukuta pia unazaa kutojuana. Yule dada anayefua esteti Jumatano na Jumamosi anajua watoto wa nyumba zote kwa majina, na akipita kila siku njia ile angeona haraka kuliko kamera nani ni mgeni. Sasa anazunguka dakika 26 na akifika getini anaandikishwa kitabuni kama hajawahi kuonekana. Na kuna kitu kati ya kuacha wazi na kuziba kabisa. Kijigeti cha miguu, kinachofunguliwa saa kumi na moja alfajiri kabla ya treni ya kwanza na kufungwa saa tatu usiku. Taa moja. Soja mmoja kati ya wale ambao tayari wanalipwa, asimame pale badala ya kukaa mbele na wenzake wakisikiliza redio. Gharama yake ukiigawa kwa nyumba arobaini ni kama soda. Hatuzungumzii mapinduzi hapa.

Tena kuna jambo ambalo halimo kwenye hesabu ya usalama, na dada halipendi nikilisema kwa sababu linanihusu. Mimi sitawahi kununua ndani ya esteti ile. Kwa bei za sasa na malipo ya mwandishi, nikitaka kuishi karibu na familia yangu nitapanga kule nyuma, kwenye zile nyumba zisizo na plasta. Nitakuwa mmoja wa wale elfu. Kwa hiyo swali la ukuta kwetu ni la kifamilia kabisa: kati ya dada na mdogo wake, nani atafika kwa treni kwa dakika tano na nani kwa 26, na nani alipiga kura iwe hivyo. Familia nyingi za Kenya ziko hivi. Kila aliyenunua ndani ana mtu wake nje, binamu, shangazi, yule aliyemlea. Tunajifanya kwamba ukuta unatenga watu wazuri na wabaya, kumbe unapita katikati ya meza ya Krismasi.

Kuna rafiki aliyeniambia kwamba mwenye msimamo kama wangu angemshauri dada asinunue pale kabisa. Sioni hivyo. Asiponunua yeye atanunua mwingine ambaye labda hana mdogo wa kumsumbua, na ukuta utabaki vilevile. Kujitoa kunasafisha mikono tu. Mimi ningependa watu wenye wasiwasi kama huu wawe ndani, kwenye kamati, wakichosha wenzao. Lakini ningependa pia wachague mtaa kwa jicho hili kabla ya kulipa: shuka kwenye treni ya jioni, usiende kwa ajenti, fuata umati. Angalia nani anaelekea wapi na wanapita wapi. Kama watu wenye pesa kidogo kuliko zako wanaweza nao kutembea hadi nyumbani bila kuruka mtaro, hapo pana mtaa. Kikuyu na Ruiru nilikuta sehemu za namna hiyo, mtu wa gorofa na mtu wa chumba kimoja wakitoka stesheni kwa njia moja ya vumbi. Nilizipigia debe. Hazikuwa na jua la kutosha, au bei ilikuwa juu, au shule ilikuwa mbali.

Walinunua ndani ya esteti. Hatimiliki ilikuwa safi, wakili aliridhika, na dada alisema amechoka kuangalia nyumba. Wamehamia mwezi uliopita. Anafika nyumbani mtoto wa pili akiwa macho, na wiki ya kwanza mtoto huyo alikuwa anamshangaa jioni kama mgeni aliyekuja na zawadi. Hilo nalo ni jema na sitaki kulipunguza kwa kuwa na maoni.

Chama cha wakazi kinakutana Jumapili hii saa nane. Kwenye ajenda, kipengele cha nne ni "ukuta wa nyuma," kwa sababu mtu ametoboa kipengo na watu wameanza kupita tena. Pendekezo la kamati ni kukiziba na kuongeza nyaya za umeme juu. Nimemwuliza dada atasema nini. Hajanijibu hilo. Ameniuliza kama naweza kuja kukaa na watoto akiwa mkutanoni, na kama nitakuja na treni au matatu, kwa sababu Jumapili ni lazima ahakikishe soja ana jina langu getini.